Ripoti Hiyo Imtaje na Ami Yake: Barua ya Wazi kutoka Mombasa

Kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, Mkurugenzi wa Upelelezi wa Jinai, na Waziri wa Afya wa Kaunti ya Mombasa

KUH: VIPIMO VYA DNA VYA UPANDE WA KIUME KATIKA KESI ZA PWANI

Waheshimiwa,

Nimefanya kazi miaka mingi katika maabara za hospitali za hapa Pwani kabla ya kustaafu. Sehemu kubwa ya kazi yenyewe haikuwa hadubini. Ilikuwa kupokea bahasha, kusoma kilichoandikwa juu, kuangalia kama ndicho kilichomo ndani, kutia sahihi na saa, kisha kumkabidhi askari naye atie yake. Bahasha ikishaondoka, mara nyingi sikujua iliishia wapi. Tangu nistaafu nimekuwa nikiwasindikiza mahakamani kina mama wa mtaani ambao watoto wao wamenajisiwa, na huko ndiko nilikoanza kuona mwisho wa safari ya bahasha zile: ripoti ya kurasa chache, inasomwa harakaharaka, na watu wote chumbani wanaondoka na jambo moja kichwani, kwamba DNA imemtaja mtu.

Ombi langu ni moja. Pale ambapo maabara imesoma alama za kromosomu Y, kile kifungu cha DNA ambacho baba humrithisha mwanawe wa kiume, ripoti iandike waziwazi kwamba majibu hayo ni ya mshtakiwa na ya wanaume wa upande wa baba yake pia: baba, babu, kaka, ami, watoto wa ami, na jamaa wengine ambao pengine yeye mwenyewe hajapata kuwaona. Iandikwe ukurasa wa kwanza, kwa lugha ambayo mama wa mtoto ataielewa akisomewa, na mshtakiwa vilevile.

Sikipingi kipimo. Nakitaka, tena nakitaka kitumike zaidi ya kinavyotumika, na nitaanza hapo ili nisije nikadhaniwa natafuta njia ya kuwatoa wabakaji jela.

Kijiti cha pamba kinachopitishwa kwa mama au mtoto aliyebakwa hubeba seli zake mwenyewe kwa wingi, na za mwanamume chache mno. Kipimo cha kawaida cha DNA husoma kromosomu za watu wote wawili kwa pamoja, na za mwanamke huzimeza za mwanamume. Mashine inatoa jibu safi kabisa, ila ni jibu la mtu ambaye tayari tunamjua. Hutokea hivyo hasa pale ambapo mbegu za kiume hazipo: mwanamume amefunga uzazi, au hakumaliza, au alitumia vidole, au kilichobaki ni mate shingoni na ngozi chini ya kucha. Kromosomu Y iko kwa mwanamume peke yake. Kemikali za kipimo hiki zimetengenezwa zinakili vipande vya Y tu, kwa hiyo hata seli za mwanamke zikizidi za mwanamume mara elfu moja, hazina cha kunakiliwa, na mstari wa mwanamume husomeka.

Kuna na suala la siku. Watu wetu wameshika kwamba baada ya saa 72 hakuna tena haja ya kwenda hospitali. Saa 72 ni muda wa kuanza dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, na kila anayeweza kuwahi awahi. Lakini muda huo umegeuzwa kuwa ukuta wa ushahidi pia, na nimeona watoto wakirudishwa nyumbani bila kuchukuliwa sampuli kwa sababu walisema siku ya nne. Mtoto husema anapoweza, aghalabu kwa bibi yake, aghalabu usiku. Alama za Y zimewahi kusomwa kwenye sampuli za siku nne na zaidi, wakati kipimo cha kawaida kimekwisha kunyamaza. Basi fomu ya PRC, ile ya hospitali ya matibabu na ushahidi wa aliyebakwa, ijazwe na kijiti kitumike hata siku ya nne, na maabara ndiyo iseme kama hakuna kitu, si karani wa mapokezi.

Faida nyingine ni idadi. Alama nyingi za Y humpa kila mwanamume thamani moja tu. Zikitokea thamani tatu mahali ambapo pangetokea moja, basi wanaume waliohusika wana mistari mitatu kwa uchache, hata kama mlalamikaji alizirai asijue walikuwa wangapi. Na faida iliyo kubwa kuliko zote kwa maoni yangu ni ya kumtoa mtu: alama zikipishana mahali pengi, mshukiwa huyo ameondoka kwenye orodha, na ameondoka na kaka zake na ami zake wote wa damu. Kwa kumtoa mtu, kipimo hiki kina nguvu sana. Kwa kumtia mtu ndani, kina nguvu kidogo kuliko tunavyosikia mahakamani.

Kabla sijafika huko, niseme la hali ya hewa, maana hakuna atakayelisema Nairobi. Niliwahi kupokea nguo ya ndani ya mtoto iliyofungwa kwenye plastiki na kukaa kituoni siku kadhaa, mwezi wa Machi, joto la mwisho wa kaskazi. Plastiki ilikuwa imetoa jasho kwa ndani. Kitambaa kimeota ukungu, madoa ya kijani na meusi, na harufu yake ukiifungua unageuza uso. Bakteria na kuvu hula DNA kama wanavyokula kitu kingine chochote kibichi. Nguo ilitakiwa ianikwe kivulini ikauke, itiwe kwenye bahasha ya kaki, bahasha ifungwe kwa gundi ya karatasi na sahihi ipite juu ya mfungo. Nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017 haiwezi kukosa bahasha za karatasi katika vituo vya polisi vya kisiwani, Likoni, Changamwe na Kisauni.

Sasa nije kwenye kipimo chenyewe. Alama hizi ni mahali maalumu kwenye kromosomu Y ambapo kipande kifupi cha herufi za DNA kinajirudia. Mahali panapoitwa DYS391, kwa mfano, herufi nne TCTA zinafuatana tena na tena. Mwanamume mmoja anazo mara 10, mwingine mara 11. Ukisoma mahali 17 au 23 au 27 namna hiyo unapata safu ya namba, na safu hiyo ndiyo inayolinganishwa na ya mshukiwa.

Kromosomu nyingine zote huchanganywa upya kila mtoto anapotungwa, nusu ya baba na nusu ya mama, ndiyo maana kipimo cha kawaida kikifaulu kinaweza kumtenga mtu na ndugu yake wa baba na mama, isipokuwa pacha wa kufanana. Sehemu kubwa ya Y haichanganywi na chochote. Inatoka kwa baba kwenda kwa mwana kama ilivyo, na kinachoitofautisha ni makosa ya kunakili tu, ambayo kwa alama za kawaida hutokea takriban mara mbili au tatu katika vizazi elfu kwa kila alama. Pigeni hesabu kwa seti ya alama 17 iliyotumika sana duniani: baba na mwanawe watapishana katika kama jozi 4 kwa kila 100. Jozi 96 zilizobaki, hutaona tofauti hata ya namba moja. Ukisimama barazani Kibokoni ukaita kwa jina la babu, watageuka wanaume wengi kwa pamoja, na kipimo hiki kinaita kwa jina la babu.

Ami yumo, mjomba hayumo. Mtoto wa ami yumo, mtoto wa shangazi hayumo. Hata Wadigo, ambao zamani walirithishana kupitia kwa mama, kromosomu Y yao ilikuwa ikipita kwa baba kimyakimya bila kujali mirathi inakwenda wapi.

Ziko alama zinazobadilika haraka zaidi. Mwaka 2010 watafiti wa Rotterdam pamoja na wenzao walichunguza alama 186 kwa karibu jozi 2,000 za baba na mwana, wakapata 13 ambazo hubadilika zaidi ya mara moja katika kila vizazi 100. Seti mpya zimetia baadhi yake, na zinasaidia kutenganisha jamaa. Zinasaidia, hazimalizi. Baba na mwana bado wanaweza kutoka sawasawa, na kaka wawili vilevile.

Hayo ni mambo ya damu popote duniani. Pwani kuna ya ziada, na hapa nawaomba mnisikilize kwa utulivu.

Watu wengi wanaijua Mombasa kwa mchanganyiko wake, lakini mchanganyiko huo una sura mbili kwenye kromosomu Y, na kila sura inaidanganya mahakama kwa namna yake. Sura ya kwanza ni ya mistari iliyoenea mno. Mwaka 2000, watafiti waliokuwa wakichunguza asili ya Walemba wa kusini mwa Afrika waliandika safu ya namba sita inayojitokeza kwa wingi kwa wanaume wa jamii za Kibantu: DYS19 ni 15, DYS388 ni 12, DYS390 ni 21, DYS391 ni 10, DYS392 ni 11, DYS393 ni 13. Wanaume wa jamii hizo walisambaa kutoka magharibi mwa bara hadi huku kwetu na hadi kusini katika muda ambao kwa saa ya jeni ni mfupi, kwa hiyo mistari yao bado inafanana. Mtu wa Kaloleni na mtu wa Msumbiji wanaweza kushirikiana namba hizo sita bila kuwa na babu wanayemkumbuka. Sampuli iliyoharibika, ile ya plastiki na ukungu, mara nyingi hutoa alama chache tu kati ya zote. Zikitoka chache, na zikiwa ndizo hizi, basi kusema zinalingana na mshukiwa ni kusema machache sana.

Sura ya pili ni kinyume chake. Mwaka 2023 ilichapishwa kazi ya Esther Brielle, Chapurukha Kusimba, David Reich na wenzao, waliosoma DNA ya kale ya watu 80 kutoka miji ya pwani na maeneo ya jirani, waliozikwa kati ya takriban mwaka 1250 na 1800. Mtwapa, hapo tu ukivuka daraja, ni mmoja wa miji hiyo. Walikuta kwamba upande wa Afrika uliingia zaidi kupitia kwa kina mama, na upande wa Asia ukaingia kwa sehemu kubwa kupitia kwa wanaume kutoka Uajemi, kuchanganyika kukianza karibu na mwaka 1000. Baadaye, baada ya mwaka 1500, ukazidi upande wa Arabuni. Kwa wenyeji habari hiyo si mpya sana, maana nasaba zimekuwa zikisomwa majumbani kabla ya maabara kuzaliwa, ingawa wapo walioudhika na wapo waliofurahi kupita kiasi. Kwangu mimi la muhimu ni matokeo yake mahakamani. Mstari wa kiume uliofika na mtu mmoja kwa jahazi, ukazaa katika mtaa mmoja kwa karne kadhaa, utakuwa nadra kabisa kwenye orodha yoyote ya dunia. Mtaalamu ataangalia kompyuta, hataukuta hata mara moja, na atasema ni nadra. Lakini nje ya mahakama, kutoka Ngome ya Yesu hadi Bondeni, wanaume wenye mstari huo wanaweza kuwa makumi, na nusu yao wanaswali msikiti mmoja.

Orodha inayotumika zaidi duniani iko Berlin, ilifunguliwa kwenye intaneti mwaka 2000 na kundi la Lutz Roewer, na sasa ina safu zaidi ya 300,000. Afrika ndani yake ni sehemu ndogo. Lakini hata ingekuwa kubwa, hesabu ya kuhesabu mara ngapi safu imeonekana ina kasoro. Tuchukue mfano. Orodha ya wanaume 1,500, safu ya mshukiwa haimo. Kwa kanuni ya kawaida ya takwimu, kwa uhakika wa asilimia 95, safu hiyo inaweza kuwapo kwa hadi mtu 1 katika kila 500. Mombasa ina watu milioni 1.2 kwa sensa ya 2019, karibu nusu wanaume. Mtu 1 katika 500 ni wanaume 1,200 hivi. Wakili wa utetezi atasema 1,200, kiongozi wa mashtaka atasema haijaonekana hata mara moja, na wote wawili watakuwa wamekosea, kwa sababu wanaolingana hawakutawanywa mjini kama mchele. Wako pamoja. Mwaka 2017 Mikkel Andersen na David Balding walionyesha, kwa kuviiga vizazi kwenye kompyuta, kwamba kwa seti mpya zenye alama nyingi wanaume wanaolingana na mshukiwa kwa kawaida ni makumi, na ni jamaa zake wa upande wa baba, wengi wao wa mbali kuliko familia inavyokumbuka. Walipendekeza mahakama iambiwe hivyo tu: makadirio ya ni wangapi, na kwamba ni ukoo. Sijaona pendekezo la busara kuliko hilo.

Na fikirini kesi zetu zinatokea wapi. Si kwenye vichochoro vya giza kama kwenye sinema. Zinatokea nyumbani. Kesi moja niliyokaa kuisikiliza, ambayo sitaitaja mahakama wala mwaka, mtoto alikuwa akiishi katika nyumba ya familia pamoja na wanaume kadhaa wa baba mmoja na ami yao. Ripoti ilisomwa. Mstari wa kiume ulilingana na wa mshtakiwa. Hakuna aliyeuliza nyumba ile ilikuwa na wanaume wangapi, si upande wa mashtaka, si utetezi, na mshtakiwa hakuwa na wakili wa kumsaidia kuuliza. Labda ndiye. Lakini kama siye, aliyefanya alirudi nyumbani jioni ile, na mtoto alikuwa huko huko. Hilo ndilo linalonikera zaidi kuliko haki ya mshtakiwa peke yake. Katika nyumba kama ile polisi walitakiwa wachukue sampuli za wanaume wote, maabara ijaribu kipimo cha kawaida kwanza, na zile alama za haraka kama zipo, na zikishindikana zote ripoti iseme imeshindikana.

Marekani waliwahi kugombana juu ya jambo hili kwa heshima zote. Mwaka 1998 kipimo cha Y kilionyesha kwamba mzao wa Eston Hemings, mtoto wa mtumwa Sally Hemings, ana mstari wa kiume wa ukoo wa rais Thomas Jefferson. Jefferson hakuacha mstari wa wana wa ndoa, kwa hiyo walioombwa damu kwa ajili yake walikuwa wazao wa ami yake, Field. Waliokataa kukubali wakasema, na kipimo kikawapa nafasi ya kusema, kwamba ndugu yake Randolph alikuwa na Y hiyo hiyo. Wanahistoria wengi waliamua ni Thomas kwa sababu ya mambo mengine, kama kuwa kwake nyumbani Monticello miezi ambayo mimba zilitungwa. Rais amepewa uchunguzi wa mambo mengine. Kijana wa Kisauni naye apewe.

Mkurugenzi wa Mashtaka, sheria inakuruhusu yote haya. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 kinaipa mahakama uwezo wa kuagiza mshtakiwa achukuliwe sampuli. Na Mahakama ya Rufani, ikiketi hapa hapa Mombasa, imeshasema kwamba ubakaji au unajisi huthibitishwa kwa ushahidi, si kwa kipimo cha DNA. Nimesikia uamuzi huo ukitumiwa kama kisingizio cha kutopima kabisa. Mimi nausoma kuwa unakataza kukiabudu kipimo, na hapo nakubaliana na majaji.

Kipo na kilio cha Shakahola, msitu wa Kilifi ambako waumini wa mhubiri mmoja walikufa kwa kufunga. Ufukuaji ulianza Aprili 2023, miili ikapita 400, na ya kwanza kukabidhiwa familia ilitoka mochari ya Malindi Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye. Familia zilizotoa mate na damu zilingoja, nyingine hazikujitokeza, na nyingine zilikwisha zote msituni, mama, baba na watoto. Kwa mtoto wa kiume ambaye wazazi wote wamekufa, ami mmoja aliyebaki Kilifi au Mombasa anaweza kutoa sampuli na mstari ukaonyesha mwili ule ni wa ukoo wao. Kwa wa kike, au kwa upande wa mama, iko DNA nyingine inayopita kwa mama. Ila walipokufa wavulana wawili wa baba mmoja, Y haitasema yupi ni yupi. Hapo umri wa mifupa, meno, nguo na kipimo cha kawaida lazima vishirikiane. Familia iambiwe hivyo kabla haijapewa jeneza, isije ikamzika mdogo kwa jina la mkubwa.

Jambo dogo linaloambatana na hilo: hospitali hutoa tangazo kwamba miili isiyodaiwa itazikwa kama hakuna aliyejitokeza, na muda ukiisha huzikwa pamoja. Wako wazazi Majengo na Kisauni ambao wana wao waliondoka miaka iliyopita na hawajaonekana. Kabla mwili haujakwenda kwenye kaburi la pamoja, kitoke kipande kidogo cha mfupa au jino, kiandikwe namba, kihifadhiwe. Mzee akija baada ya miaka kumi na kijiti cha mate yake, kuwe na cha kulinganisha nacho.

Nimebakiza la orodha, na hapa najua mtakuja na hamu kuliko kwingine. Ndiyo, tunahitaji orodha ya mistari ya kiume ya Pwani, ya Miji Kumi na Miwili, yaani mataifa ya Waswahili wa Mombasa, ya Mijikenda wote tisa, ya Wataita, Wapokomo, Wabajuni, Waarabu wa Hadhramaut na Oman, Wabaluchi, Wahindi na waliotoka bara na kuzaa hapa. Lakini iwe orodha ya namba bila majina, ya waliokubali wakijua wanakubali nini, na si ya mtu kumsaka mtu. Hata bila majina kuna hatari: mwaka 2013 kundi la Yaniv Erlich lilionyesha kwamba kwa alama za Y na orodha za nasaba zilizo wazi kwenye intaneti unaweza kulifikia jina la ukoo la mtu ambaye aliahidiwa hatajulikana. Mkiandika safu, mtaa na taifa lake, hapa Mji wa Kale mmekwisha andika jina.

China walimkamata Gao Chengyong Agosti 2016, aliyewaua wanawake na wasichana 11 kati ya 1988 na 2002, kwa sababu jamaa yake wa upande wa baba alikamatwa kwa kosa jingine dogo na mstari wao ukalingana na wa matukio yale. Hakuna atakayesikitika kwa Gao. Lakini polisi wa huko wameendelea wakakusanya sampuli za wanaume kwa mamilioni, wasio na hili wala lile, ili kila ukoo uwe kwenye droo. Kwetu Mahakama Kuu ilikwisha sema, Januari 2020 katika kesi ya Huduma Namba, mpango wa serikali wa kuwasajili watu wote, kwamba kukusanya DNA ya wananchi kwa sheria ile ni kuingilia faragha kinyume cha Katiba, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za jeni kuwa nyeti. Mombasa tunajua vizuri maana ya mtaa mzima kushukiwa kwa kosa la mmoja. Samaki mmoja akioza wote wameoza ni methali. Haifai kuwa sera ya upelelezi. Na nyumba nyingi zina siri za baba ambazo hazikuombwa kufunuliwa. Orodha hiyo isipelekwe kwa Kadhi kwenye kesi ya mirathi wala kwa mtu yeyote anayetaka kujua kama mwanawe ni wake.

Sentensi ninayoomba iwekwe ukurasa wa kwanza ni hii, na mwanasheria wenu aipige msasa apendavyo: “Majibu haya yanaweza kuwa ya mshtakiwa au ya mwanamume yeyote wa ukoo wake kwa upande wa baba, awe anajulikana au hajulikani. Alama zilizosomwa ni kadhaa kati ya kadhaa. Wanaume wa ukoo wake waliokuwa karibu na mlalamikaji wamepimwa au hawajapimwa.” Nafasi ya mwisho iachwe wazi ijazwe na mpelelezi kwa mkono wake, na atie sahihi.

Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Kaunti, sentensi hiyo itachukua muda kufika Nairobi na kurudi. Bahasha za kaki, vijiti, waya wa kuanikia kivulini na amri kwamba mtoto wa siku ya nne asirudishwe ziko chini yako, na hazihitaji kumngoja mtu.

Wenu,

Mtaalamu wa maabara mstaafu
Kibokoni, Mombasa